Mulevi musimufungie mu nyumba

Bandugu, kuna makala inasema mutu wa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, akitaka kuacha, jamaa imufungie siku tatu avumilie. Hapana jameni, hiyo inaweza kuua mutu! Niko enfirmie (muuguzi) hapa Bukavu na nitawaambia ya baba mukubwa wangu, alivunjika muguu na pikipiki, akalazwa mu kituo fulani, hakuna mwenye alimuuliza kama anakunywaka kila siku. Kesho yake mikono inatetemeka, chai inamumwangikia kifuani, jasho, moyo mbio, banasema ni malaria tu. Siku ya tatu nafika namukuta anaokota siafu kwenye shuka, na siafu hakuna, anaita mama yake mwenye alikufaka zamani. Jamaa ikasema karuho, ile sumu ya watu, wengine mapepo, bakamufunga mikono na kitenge.

Ilikuwa pombe imekatika ghafla, sisi tunaitaka sevraje. Kutetemeka kunaanza masaa 6 mpaka 24 kisha chupa ya mwisho, kifafa kinaweza kukuja ndani ya masaa 48, na ile kuchanganyikiwa siku ya 2 mpaka ya 4. Dawa iko, diazepamu, lakini muganga njo anapima dozi, usijinunulie, inaweza kuzimisha pumzi. Na vitamini B1 itangulie serumu ya glukozi. Malaria nayo tunaipima, sababu malaria na sevraje vinaweza kuwa mu mutu mumoja.

Mukileta mugonjwa semeni kweli, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, musione haya. Baba mukubwa alipona, anatembea na fimbo.