Hodi Kwenye Kopo la Sukari

Asubuhi hii nimeshika birika la maji ya moto, tayari nimewalenga sisimizi waliojipanga kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari, mara jirani akachungulia. "Taratibu, ndugu yangu. Sisi duniani ni wageni tu. Tuwe na adabu na shukrani." Akaenda zake. Hata hakuuliza kama sukari ni ya mwisho.

Mgeni! Mimi huyu ninayelipa kodi kila mwezi! Na huyo mwenye nyumba, kwa hesabu za jirani, naye mgeni. Mgeni anamtoza mgeni mwenzake, mwenyeji haambulii hata senti.

Lakini mimi ni mtu mzima. Nikatua birika, nikakohoa kidogo, nikapiga hodi jikoni kwangu mwenyewe. Kimya. Msafara unaendelea. Nikafikiri: hawa wako hapa zaidi ya miaka milioni 100, sisi binadamu kama miaka 300,000 hivi. Mkubwa nani? Nikawaamkia, "Shikamooni." Mmoja akasimama, akachezesha vipapasio. Nikajua marahaba hiyo inakuja, kumbe anaita wenzake. Nikaomba kijiko kimoja tu, cha mgeni. Nikakiingiza polepole, nikawapisha wenye mizigo. Alipopita mmoja kabeba maiti ya mwenzake nikampa pole ya msiba, kwa sauti ya chini kabisa, kama tunavyofanya watu wenye heshima. Nikang'atwa katikati ya vidole, pale pale penye ngozi laini! Ustaarabu wote ukaniishia. Nilitamka maneno ambayo mgeni hayatamki hata alazwe na njaa.

Tena tuseme ukweli, ugeni wenyewe tumeushindwa. Chukua umri wa Dunia, miaka bilioni 4.5, uufanye siku moja: sisi tumeingia zimebaki sekunde kama 6 siku iishe. Sekunde 6! Viatu hatujavua, sebule tumeshaichafua. Mwezini watu walitua 1969, wakaondoka wameacha mifuko ya haja. Plastiki imekutwa hadi kwenye shimo la Mariana, karibu kilomita 11 chini ya bahari. Mimi pipa la nje tu naona mbali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe letu kashika nyungunyungu, anageuza udongo usiku kucha, hana hata mikono, na sisi shukrani yetu ni kumtunga kwenye ndoana.

Haya, kikombe nimekunywa hivyo hivyo, bila sukari. Sasa natafuta ndala ya kushoto. Juzi niliirusha kwa mende, nadhani iko chini ya kabati, na huko chini bado sijajitambulisha.