Anayeuza tipsi ya farasi anauza nini?

Jumamosi ya tarehe 5 Aprili 2025, barazani petu Kibokoni, Mombasa, watu walikuwa mafungu mawili. Waliofunga sita za Shawwal walingoja adhana ya Magharibi. Waliobaki waliinamia simu moja wakingoja Grand National, mbio za Aintree kule Liverpool, zinazoanza saa 12 jioni kwa saa zetu. Farasi 34, vizuizi 30 vya kuruka, karibu kilomita 7. Muuza kahawa hajamaliza kuzunguka na dele lake, Nick Rockett kesha shinda kwa odi ya 33 kwa 1. Yaani aliyetia shilingi 100 alipata faida ya 3,300.

Pale barazani hakuna aliyemtia. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa amenunua tipsi, yaani kutajiwa farasi wa kumtilia pesa, kwa shilingi 200, akaambiwa I Am Maximus, farasi aliyeshinda mwaka 2024. Akatia shilingi 500 ashinde. I Am Maximus akawa wa pili.

Mpaka leo ubishi wa siku ile haujaisha, nami naona ndiyo njia nzuri ya kulipima suala lenyewe. Je, tipsi ile ilikuwa nzuri au mbaya? Mtu akutajie farasi mmoja kati ya 34, kisha farasi huyo ashindwe na mmoja tu. Kwa mizani yoyote ya ujuzi, huyo si mbumbumbu. Kwa mizani ya mfuko, kijana alitoka na kahawa aliyonunuliwa na wenziwe.

Nianze na upande wa wanaoitetea tipsi, kwa sababu wengi wetu huwadharau haraka. Wao husema mbio za farasi si bahati nasibu, ni jambo la kusomwa. Ardhi ikilowa mvua, kuna farasi wanaozama na wengine wanaofurahi. Kuna anayetisha kwenye mita 1,600 na kuishiwa pumzi kwenye 2,400. Kuna joki, yule mpanda farasi, anayejua kusubiri, na mkufunzi anayejua wiki gani farasi wake yuko tayari. Hata uzito wa mgongoni ni elimu nzima. Grand National ni mbio za kusawazishiwa uzito: farasi aliyeonyesha ubora hubebeshwa zaidi, mnyonge hupunguziwa, na nia ya anayepanga ni wote wakaribiane kwenye mstari wa mwisho. Siku ile I Am Maximus ndiye aliyebebeshwa uzito mkubwa kuliko wote, kilo zipatazo 75. Anayeyajua haya hutazama mbio kwa jicho jingine. Mtu wa namna hiyo akizungumza, nakaa kitako.

Ngong Road, Nairobi, kwenye uwanja wa Jockey Club of Kenya, elimu hii ina faida zaidi pengine kuliko Liverpool. Farasi ni wachache na hukutana tena na tena, kwa hivyo anayekwenda kila Jumapili ya mbio huwajua kama anavyowajua majirani zake. Lamu ndiyo usiseme. Kwenye mashindano ya punda pale forodhani, tipsi ina anwani: unamjua punda, unamjua mwenyewe, unamjua na kijana atakayempanda, na kama jana alikesha harusini pia unajua.

Lakini mjuzi hayuko peke yake. Hapa ndipo wauza tipsi wanapotufanya wajinga.

Odi si namba iliyoota tu. Ni maoni ya maelfu ya watu wenye pesa zao mle, wengine wakiwa wameamka alfajiri kumtazama farasi akifanya mazoezi. Ukijua kwamba farasi fulani anapenda tope, nao wanajua, na odi yake imeshashuka. Kwa hivyo swali si "nani atashinda?" bali "nani ana nafasi kubwa kuliko inavyosema odi yake?" Hilo ni swali gumu mno, na tipsi nyingi ninazoziona hazilijibu, hutaja jina tu. Kwa ujumla farasi wanaopigiwa upatu zaidi hushinda takriban mbio moja katika kila tatu. Maana yake mimi, nisiyemjua farasi hata mmoja kwa sura, nikiwa kila siku nakutajia yule mwenye odi ndogo kabisa, nitapatia mara nyingi za kutosha kujisifu. Na bado utaliwa.

Utaliwa kwa sababu ya hesabu hii. Chukua mbio za farasi 6 zenye odi 3, 4, 5, 6, 9 na 11, zile odi za kuzidisha dau tulizozizoea kwenye mkeka wa mpira. Gawanya 100 kwa kila moja: 33, 25, 20, 17, 11, 9. Jumla 115. Ukitaka kuwatia farasi wote kwa namna ambayo yeyote akishinda upate 100, itakubidi utoe 115. Zile 15 ndizo mshahara wa mwenye duka la kubashiri, na hazijali nani kashinda. Mjuzi wa kweli lazima kwanza auruke ukuta huo ndipo aanze kukufaidi. Sasa rudi kwa kijana wetu. Tipsi shilingi 200, dau 500. Kabla farasi hajainua kwato, pesa sawa na asilimia 40 ya dau zimeshakwenda kwa muuzaji, na ukuta wa mwenye duka bado uko mbele yake. Hata farasi wa miujiza hachukui uzito huo.

Kuna na hila ambayo si ngeni, ila kila mwaka hupata wateja wapya. Muuzaji ana namba za watu 600. Mbio zina farasi 6. Kila watu 100 huwatumia farasi wao. Mbio zikiisha, 100 wameona maajabu. Hao anawagawa tena kwenye mbio za pili. Wanabaki 16 au 17 walioona maajabu mara mbili mfululizo. Hao ndio watakaolipa, tena watakuapia kwamba yule bwana hakosei. Usiku ule wa Aprili zilianza kuzunguka picha za "niliwaambia Nick Rockett". Saa 12 kasorobo, wakati maneno hayo yangekuwa na thamani, mimi sikuiona hata moja.

Tena bahati yenyewe haijafa. Mwaka 1967, kwenye mbio hizo hizo za Aintree, farasi walirundikana kwenye kizuizi kimoja, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana, akapata mwanya akapita. Odi yake 100 kwa 1. Tipsi gani ingeliona lile?

Mwisho wa upuuzi nimeuona Mwembe Tayari, kwenye duka la kubashiri lenye mbio za kompyuta, zile ambazo farasi ni katuni na kila baada ya dakika chache wanatoka wapya. Mtu mzima alikuwa na daftari la kurasa 96, la wanafunzi, ameandika washindi kwa kalamu nyekundu: 4, 1, 1, 6, 2. Akanieleza kwa upole kwamba namba 3 "ina deni". Nikamwambia farasi wa kompyuta hana mguu wa kuumia wala tope la kukanyaga. Namba hutolewa na programu, na ya jana haiidai ya leo. Akanitazama kwa huruma, akaandika 5. Huyu ana nidhamu ya mchambuzi, ana kumbukumbu, ana subira. Kilichokosekana ni farasi.

Kwa watu wa pwani kuna mlango mwingine ambao wachambuzi wa Nairobi huupita bila kubisha. Kamari ni haramu, aya ya 90 ya Suratul Maida haina kona. Lakini mbio zenyewe za farasi hazikuharamishwa. Imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyishwa mazoezi kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, karibu na Madina. Kwa hivyo anayesema "hata kuzungumzia farasi ni dhambi" kaongeza lake.

Na mfano wa kuyatenganisha mawili haya uko karibu, kule walikokwenda nusu ya vijana wetu kutafuta kazi. Dubai hairuhusu kubeti kwenye uwanja wa Meydan. Anayekwenda hupewa karatasi ya bure ya kutaja washindi, akipatia anazawadiwa. Mazungumzo hayapungui hata chembe. Usiku ule ule wa tarehe 5 Aprili, baada ya Isha, tulitazama Dubai World Cup, mita 2,000 kwenye mchanga, zawadi dola milioni 12. Kila mmoja alisema Forever Young wa Japani. Akawa wa tatu, akashinda Hit Show. Tulikosea wote, tukacheka wote, hakuna aliyekwenda nyumbani kukopa.

Hapa lakini wapenzi wa kubeti wana jibu la maana, na si haki kulificha. Dubai ina mtawala mwenye mapenzi na farasi na mfuko usio na mwisho. Uingereza, tangu 1961, mbio hutegemea tozo inayokatwa kampuni za kamari. Siku hizi ni asilimia 10 ya faida yao ghafi kwenye mbio za huko. Ondoa pesa za wanaoliwa, utaondoa zawadi, na mazizi mengi yatafungwa. Hoja ya kweli hiyo. Ila inamhusu mfugaji wa kule. Kwa kijana wa Kibokoni anayetoa 700 kwenye pato lake la siku la bodaboda haijibu kitu, na mimi kati ya wawili hao najua niko upande wa nani.

Jioni ile, kabla ya Dubai, babu mmoja kati ya waliofunga aliisogeza tende mkononi akamgeukia kijana.

"Mwanangu, huyo alokuuzia, yeye katia ngapi?"

"Sijamuuliza, babu."

"Muulize basi."

Kijana akaandika. Tiki mbili zikatokea, zikageuka buluu. Adhana ikalia, babu akafuturu, tukaenda msikitini. Tulipotoka, jibu lilikuwa limefika: tipsi ya Dubai, shilingi 300.