Kungoja Simu Nako Ni Kazi

Kwa miaka minne nilioga na simu. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaiweka dirishani bafuni, na kila nilipofungua maji nilijiuliza kama nitausikia mlio. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kompyuta. Wiki moja kati ya kila tatu ilikuwa zamu yangu ya simu: ikilia usiku, nina dakika 15 niwe nimepokea, nimekaa mbele ya kompyuta na nimeanza kazi. Nililipwa kwa saa nilizofanya baada ya kuitwa. Isipolia, sikulipwa kitu.

Siku moja nilimuuliza bosi. "Si ulikuwa umelala tu?" akanijibu.

Sikupata la kumwambia, kwa sababu jibu lake lina mantiki. Mtu yuko nyumbani kwake, kitandani kwake, anadai alipwe kwa lipi? Ilinichukua muda kuona kasoro yake. Wiki ya zamu sikuweza kwenda mahali penye mtandao hafifu. Sikuweza kuwasha gari nikasafiri. Dada yangu aliponiomba nibaki na mtoto wake mchanga kwa saa mbili, nilikataa: simu ikilia, mtoto nimwachie nani? Na usingizi wenyewe ulikuwa wa kuibia, sikio moja likiwa macho. Wiki niliyoitwa mara sita ilinichosha, lakini walau nilijua kilichonichosha, na nililipwa. Wiki ambayo simu haikulia hata mara moja niliamka Jumatatu nimechoka vilevile, mfuko mtupu.

Kampuni ilikuwa imenunua uhuru wangu wa kwenda nitakako, ikanilipia mazungumzo ya simu tu.

Hoja hii ni ya zamani kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokea kesi ya wafanyakazi saba wa kiwanda cha nyama cha Swift, mjini Fort Worth, Texas. Usiku mara tatu au nne kwa wiki walitakiwa wabaki kiwandani au jirani, ili moto ukizuka wawepo. Walipewa mahali pa kulala, meza ya biliadi, dhumna na redio. Kwa kila king'ora walichoitikia walilipwa senti 50, baadaye 64. Kungoja kwenyewe hakukuongezewa kitu, na mahakama za chini ziliona sawa: mtu anayecheza dhumna hafanyi kazi. Mahakama ya Juu ikasema hakuna kanuni ya sheria inayozuia muda wa kungoja usiwe muda wa kazi, ikairudisha kesi iangaliwe upya. Siku hiyohiyo, katika kesi pacha, Jaji Robert Jackson aliandika kwamba mwajiri akitaka anaweza kumwajiri mtu asifanye lolote ila kungojea jambo litokee. Nasikitika sikuijua sentensi hiyo siku ile mbele ya bosi.

Bila shaka kukaa kiwandani si sawa na kukaa nyumbani na simu, na hapo ndipo ubishi wa siku hizi ulipo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imekuwa ikiupima kwa dakika, na naona ndicho kipimo cha haki kuliko vingine. Mwaka 2018 ilisema mzimamoto wa Nivelles, Ubelgiji, aliyekuwa zamu nyumbani lakini akitakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8, alikuwa kazini muda wote huo. Machi 2021 ikatoa hukumu mbili kwa siku moja. Moja ilimhusu mzimamoto wa Offenbach, Ujerumani, aliyepewa dakika 20. Nyingine fundi wa mitambo ya televisheni nchini Slovenia, aliyepewa saa nzima. Mahakama ilielekeza ipimwe jinsi masharti yanavyombana mtu asiweze kuutumia muda wake kwa mambo yake, pamoja na mara ngapi huitwa. Mwenye saa nzima anaweza kumaliza chakula chake na kuaga wageni. Mwenye dakika 8 hawezi hata kupanga foleni dukani.

Ila hukumu hizo zinahusu muda. Sheria za Ulaya za saa za kazi hazipangi mshahara, hivyo saa inaweza kuhesabiwa ya kazi na bado ikalipwa kidogo. Bei inabaki ya kupatana. Ufaransa imeliweka wazi zaidi: sheria yake ya kazi inataka zamu ya namna hii ifidiwe kwa fedha au kwa mapumziko, na muda wa kushughulikia mwito uhesabiwe kuwa kazi kamili. Malipo mawili kwa vitu viwili.

Mimi ningeongeza jambo moja. Simu ya dakika nne saa nane usiku hailipwi kwa dakika nne. Moyo unadunda, mwanga wa kioo umeshakutoa usingizi, unarudi kulala alfajiri. Angalau saa moja ilipwe kwa kila mwito, hata kama ni kumwambia mtu azime mtambo na kuuwasha tena. (Na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.)

Wenye biashara ndogo watasema hawana uwezo. Nawaelewa, lakini nina kisa. Kwa mwajiri yule wa kwanza kulikuwa na tahadhari moja iliyolia karibu kila usiku kwa sababu ya faili lililojaa. Tuliripoti miezi mingi. Hakuna aliyelishughulikia, maana usingizi wetu haukuwa na gharama kwenye kitabu chochote. Nilipohamia kwingine, ambako posho ya zamu ililipwa simu ilie isilie, na kila mwito ukalipiwa juu yake, kero kama hiyo ilirekebishwa ndani ya wiki moja. Mkuu wa idara alikuwa ameona bili. Sasa kama bili inakushinda, huenda shughuli yako haihitaji mtu wa kuamshwa usiku. Inaweza kusubiri asubuhi.

Nakiri posho ina ubaya wake. Nimewaona wenzangu wakinunuliana zamu, mtu anashika wiki tatu mfululizo kwa sababu ana deni, mpaka anasinzia kwenye kikao. Kwa hiyo ukomo wa zamu uwepo, na mapumziko baada ya usiku mbaya yawe ya lazima, si hisani ya msimamizi.

Kuhusu kundi la WhatsApp la ofisi, ambalo halina zamu wala posho na bado bosi anauliza "mpo?" saa tano usiku, hiyo ni makala nyingine. Australia tangu Agosti 2024 imempa mfanyakazi haki ya kutojibu, pale ambapo kukataa kwake si jambo lisilo na busara. Nawaonea wivu.

Ukipewa mkataba wenye zamu ya simu, uliza mambo matatu kabla ya kutia saini: ni dakika ngapi za kuitikia, ni wiki ngapi kwa mwaka, na nalipwa nini simu isipolia. Mimi niliuliza mawili ya kwanza.