Rubens haikufika Rufiji, lakini shehena yake ilifika vitani

Kwa daftari la jeshi la majini la Ujerumani, meli ya mizigo Rubens ilishindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilitumwa kuipelekea manowari Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, makaa ya mawe tani 1,600 hivi, na makaa hayo hayakufika. Tarehe 14 Aprili 1915 Rubens ilikuwa imelala kwenye maji mafupi ya ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwaka moto. Miezi mitatu baadaye, 11 Julai, Waingereza waliimaliza Königsberg palepale mtoni. Wengi wanaosimulia vita vile huishia hapo: ujasiri mwingi, faida hakuna.

Nadhani wanafunga daftari mapema mno.

Safari yenyewe nitaipita haraka, maana imesimuliwa sana. Meli hiyo ilikuwa ya Waingereza, ikakamatwa Hamburg vita vilipoanza. Ikapewa jina bandia la Kronborg, bendera ya Denmark, shehena ya mbao juu ya sitaha na mabaharia wanaojua Kidenmark, chini ya nahodha Carl Christiansen. Iliondoka Februari, ikapita kaskazini mwa Uskoti, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Huku kwetu manowari ya Waingereza, Hyacinth, ilikuwa inaisubiri, ila injini yake moja ikaharibika katikati ya mbio, na Rubens ikapenya hadi Manza. Christiansen akaingiza maji ndani ya meli yake mwenyewe, kisha akazichoma moto mbao za juu. Waingereza wakapiga mizinga, wakaona moto na moshi, wakaondoka wakiamini kazi imekwisha.

Moto uliteketeza mbao, lakini chini ya maji, ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, kulikuwa na bunduki mpya 1,800 na risasi karibu milioni 4.5. Maji yale yale yaliyoizamisha meli ndiyo yaliyoilinda shehena. Wapiga mbizi wakaanza kutoa masanduku, na wapagazi wakayachukua kutoka ufukweni.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye hesabu ya risasi. Januari mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wameshinda vita vya Jasini, kwenye pwani hiyo hiyo, karibu na mpaka wa Kenya ya leo. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba mapigano yale yalimla risasi 200,000, na kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu zaidi. Mara tatu! Ni mshindi huyo anayesema, akihesabu akiba aliyobaki nayo baada ya kushinda. Sasa gawanya milioni 4.5 kwa 200,000: unapata Jasini 22 na ushee. Tuseme nusu ya risasi ziliharibika kwa maji ya chumvi, bado unabaki na Jasini 11. Tuseme robo tatu ziliharibika, bado ni tano, yaani zaidi ya zile tatu alizokuwa amejihesabia. Kila ninavyoipunguza hesabu hii, inakataa kuwa ndogo.

Nazo hazikuachwa ziharibike. Risasi moja moja ilifunguliwa kwa mkono: kichwa kikachomolewa, baruti ikamwagwa na kuanikwa mpaka ikauke, kisha vyote vikarudishwa mahali pake. Rudia kazi hiyo mara mamia ya maelfu. Bunduki nazo zilikuwa na uzito wake, kwa sababu askari wengi walikuwa bado na zile za mwaka 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu jeupe la moshi linalomwonyesha adui ulipojificha.

Wanaobisha wana hoja, na si za kupuuzwa. Wanasema Tanga, Novemba 1914, Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha teka bunduki mamia na risasi laki sita. Wanasema risasi nyingi za Rubens ziligoma kulia zilipohitajika. Wanakumbusha mizinga kumi ya Königsberg iliyopandishwa nchi kavu, na kwamba miaka ya mwisho jeshi lile liliishi kwa kupora, kama lilivyowapora Wareno huko Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917. Kwa maoni yao, hata bila Rubens Wajerumani wasingesalimu amri mapema.

Yote hayo ni kweli, lakini majira yake ndiyo yanayonifanya nisikubali. Ngomano ilikuja miaka miwili na nusu baada ya Manza. Mashambulizi makubwa ya Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, yalianza Machi 1916, na mwaka mzima kabla yake ndio Lettow-Vorbeck alioutumia kukuza jeshi hadi askari Waafrika zaidi ya 11,000. Huwezi kuandikisha watu wote hao kwa akiba ya Jasini tatu. Ili ufike Ngomano kupora, lazima kwanza uwe hai mwaka 1916.

Naandika haya si kwa kuipenda meli ile. Vita vilirefuka hadi Novemba 1918, na vilirefuka juu ya vichwa vya watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara na maradhi mengine. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Wajerumani hata orodha ya maana ya wapagazi wao hawakuweka. Christiansen jina lake tunalo. Waliochukua masanduku yake kutoka Manza, hatuna hata mmoja.

Na kama Rubens ilishindwa, mbona wakubwa wa Ujerumani walituma nyingine? Machi 1916 meli Marie iliingia ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ikiwa na mizinga, risasi na dawa. Safari hii hakukuwa na manowari ya kupelekewa makaa. Shehena ilikuwa imefungwa tangu Ulaya katika mizigo midogo midogo, kila mmoja kwa uzito wa kichwa cha mpagazi.