Beta si mpambe tu wa pampu ya sodiamu

Pampu ya sodiamu na potasiamu, inayotoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), huundwa na protini alfa na beta, lakini kwa kawaida huelezwa kana kwamba ni protini moja, alfa. Wanaoieleza hivyo wana hoja. Alfa ina asidi amino 1,000 hivi, inapita kwenye utando mara 10, na ndiyo inayoshika ATP, ioni, hata wabaini, ile sumu ya mishale ya msunguti. SERCA, pampu ya kalsiamu iliyo ndugu yake, husukuma bila beta kabisa. Basi beta, yenye asidi amino 300 hivi, huachiwa maneno mawili: husaidia kuunganisha.

Ni kweli husaidia, lakini tazama msaada wenyewe. Alfa ikishatengenezwa kwenye retikulamu endoplazimu, karakana ya protini ndani ya seli, nusu yake ya mwisho haikai sawa ikiwa peke yake. Protini saidizi BiP hushikamana na vipande ambavyo bado havijaungana. Kalneksini, saidizi nyingine, hushika beta kupitia sukari zake inapojikunja. Beta ikishafunga vifungo vyake 3 vya salfa, hukamata kitanzi cha alfa kati ya mpito wa 7 na wa 8, na hapo ndipo alfa hutulia. Ikikosa beta, alfa huzuiliwa humohumo, kisha huvunjwa. Mtafiti Käthi Geering na wenzake huko Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba mayai machanga ya chura Xenopus yana alfa ya akiba isiyo na mwenza: yakidungwa RNA ya beta (maagizo ya kuitengeneza) peke yake, pampu huongezeka kwenye utando.

Matokeo ambayo hayanitoki akilini ni ya mapafu. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitumia adenovirusi, virusi wa kubebea jeni, kupeleka jeni ya alfa au ya beta kwenye mapafu ya panya. Waliopewa beta waliondoa maji mapafuni kwa kasi kubwa zaidi. Waliopewa alfa hawakubadilika. Yaani ile sehemu inayosifiwa kwa kufanya kazi yote iliongezwa, na kazi haikuongezeka! Kwa anayetafuta tiba ya mapafu yaliyojaa maji, hilo si jambo dogo. Na anayepima RNA ya alfa kisha akasema amepima pampu, amehesabu pia alfa ambazo hazitafika popote. Sidai kwamba kila tishu iko hivyo. Penye beta ya kutosha, kuiongeza pengine hakutaleta tofauti.

Hoja ya SERCA inabaki na uzito wake: kusukuma ioni, kama kusukuma tu, hakudai beta. Lakini pampu hii, pamoja na ile ya asidi ya tumboni, hubadilishana ioni na potasiamu, na zote mbili zina beta. Tena beta haiagi ujenzi ukiisha, kama BiP inavyofanya. Vunja vifungo vyake vya salfa kwenye pampu iliyokamilika, na pampu huzimika. Mpe alfa beta ya pampu ya tumboni, nayo itaungana, itafika kwenye utando na kufanya kazi, ila mvuto wake kwa potasiamu hubadilika. Protini ya ujenzi tu isingeacha alama hiyo.