Kipimo cha London kwa mvulana wa Kondele, Kisumu

Mhadhara wowote kuhusu uhalifu wa watoto, uwe chuo kikuu cha Maseno au cha Egerton hapa Kenya, hurudi kwa tafiti zilezile. Kuna wavulana 411 wa London kusini walioanza kufuatiliwa mwaka 1961. Kuna wavulana 9,945 wa Philadelphia waliozaliwa 1945, ambao asilimia 6 tu kati yao walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote. Kuna na watoto 1,037 wa Dunedin, New Zealand. Tunaziita za kimataifa. Je, ni za kimataifa, au ni za mitaa michache iliyobahatika kuandikwa sana?

Anayezitetea ana hoja nzito. Mwaka 2010 yalikusanywa majaribio 29 yenye watoto 7,304, ikaonekana kwamba kumfikisha mtoto mahakamani hakukupunguza kurudia makosa, kulielekea kukuongeza. Majaribio 9 ya kuwatembeza vijana gerezani ili watishwe yalionyesha kwamba waliotishwa walikosa zaidi kuliko walioachwa. Mengi ya hayo yalifanyika Marekani, ni kweli. Lakini anayesema huko si huku ana deni la kueleza ni kitu gani cha Nakuru kitakachoifanya rumande imfae mtoto. Isitoshe, Shikusa, gereza la vijana (borstal) pale Kakamega, si mila yetu. Borstal ni kijiji cha Kent, Uingereza, na mfumo huo ulifutwa huko kwa sheria ya 1982 huku kwetu ukiendelea. Tulikubali jengo la mgeni bila kuuliza ushahidi, kisha ushahidi ulipofika tukauita wa kigeni!

Hata hivyo, upande wa pili hauna chuki ya mgeni tu. Kasoro iko kwenye hesabu zenyewe. Mvulana wa miaka 16 mwenye mpenzi wa rika lake haingii katika takwimu za Ujerumani, ambako umri wa kuridhia ngono ni miaka 14. Hapa ni miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu ashtakiwe kwa unajisi. Ukiweka safu mbili za "makosa ya kingono ya vijana" bega kwa bega, utalinganisha sheria ukidhani unalinganisha tabia. Umri nao vivyo hivyo: Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mtafiti anayechora grafu ya takwimu za miaka kumi mfululizo ataona wadogo wametoweka, na hakuna aliyebadilika ila kifungu. Na wasio na cheti cha kuzaliwa? Hao hukadiriwa hospitalini kwa meno au eksirei, makadirio yanayoweza kukosea kwa mwaka au zaidi; mtoto wa miaka 13 akageuka wa 15 kwenye faili.

Dodoso linaharibu zaidi. Uchunguzi wa kimataifa wa ISRD, ambamo vijana hueleza wenyewe makosa waliyofanya, umewahoji hasa walioko darasani; awamu zake za pili na ya tatu zililenga darasa la 7 hadi la 9 kwa hesabu yao. Kisumu, wanaotakiwa hasa hawako darasani: wako stendi, sokoni Kibuye, au ufuoni wakisaidia wavuvi. Swali la kubeba silaha nalo litampata kijana wa Vihiga anayetoka shambani na panga.

Kwa maoni yangu, mbinu za kufuatilia kundi moja kwa miaka zinafaa kuletwa. Eldoret imethibitisha kwa OSCAR, mradi wa utafiti wa afya na maisha ya watoto yatima, kwamba hata watoto wa mtaani hufuatilika. Zisizofaa ni alama za hatari, yaani za kukisia kama mtoto atarudia kosa, zilizokadiriwa kwingine, zikitumiwa kuamua nani aende Kakamega au Kericho kwenye shule ya kurekebisha tabia. Kabla ya lolote, dodoso litafsiriwe kwa Kiswahili na Dholuo, mtu mwingine alirudishe Kiingereza bila kuona asili, kisha lijaribiwe kwa watoto wachache. Kwenye faili, walioletwa kwa ajili ya ulinzi na matunzo watenganishwe na walioshtakiwa. Wakichanganywa, umaskini utahesabiwa kuwa uhalifu.

Kwa anayetaka kufanya utafiti huo, kibali cha kamati ya maadili hutangulia, cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, hufuata, kisha barua kwa afisa wa watoto wa kaunti. Hapo ndipo pa kuuliza kwa maandishi kama data itabaki na chuo cha hapa, na jina la nani litatangulia kwenye makala. Baada ya kusaini, swali hilo huwa limechelewa.