Nikupunguzie, Mwalimu?

Mke wangu ana mfuko mmoja wa plastiki kabatini ambao hauguswi na mtu. Ndani yake mna cheti chetu cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja cha Chanika na ramani ya nyumba yenye mhuri wa mbunifu majengo. Ramani hiyo haijawahi kuguswa na vumbi wala tone la zege. Laiti ingeguswa.

Kiwanja chenyewe ni mita 20 kwa 20, kimepimwa, tumekilipia kidogo kidogo mpaka nikasahau mshahara mzima unafananaje. Kilipokwisha nikasema sasa tujenge. Wenzangu wengi shuleni walijenga kwa kumwonyesha fundi picha kwenye simu, lakini mke wangu alikataa katakata. Dada yake alijenga hivyo, na leo ukitaka kwenda chooni kwake lazima upite jikoni na kusalimia wapishi. Akasema tutafute mbunifu aliyesajiliwa, hata kama tutakula dagaa mwaka mzima.

Tukampata dada mmoja anayelingana na mdogo wangu wa mwisho. Nilikwenda kwake na mchoro wangu tayari, nimeuchora nyuma ya karatasi ya mtihani: vyumba vitatu, kimoja masta, paa la kuficha nyuma ya kuta, nguzo mbili nene mbele kama za benki, na kona nyingi, maana niliamini nyumba isiyo na kona ni bweni. Aliutazama kwa utulivu, akaugeuza, akautazama tena.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ramani ya nyumba au ya mkoa?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikasema, "Wewe chora, ila punguza gharama."

Basi akaanza kupunguza kweli, ila alipunguza vile vitu nilivyovipenda. Kona zikaondoka zote zikabaki nne, kwa maelezo kwamba kila kona ni nondo, ni saruji, ni siku ya fundi. Nguzo za benki zikaenda. Paa la kuficha likaenda pia. Alisema linapendeza barabarani, lakini mfereji wake ukiziba jani moja tu, maji yanaingia sebuleni kukusalimia. Akaweka paa la kawaida la mgongo wa tembo. Choo cha masta na choo cha familia akavigeuza viegemeane mgongo na jiko, ili mabomba yote yapite ukuta mmoja. Urefu wa kuta akaupanga ulingane na matofali mazima, fundi asikae anakatakata vipande. Korido ndefu niliyokuwa nimeiota akaifuta. "Hiyo ni barabara, mwalimu, na barabara haikai mtu."

Kisha akauliza maswali ambayo hata mshenga hakuniuliza. Mnalala saa ngapi? Wageni wa kijijini huja wangapi? Nani anapika, na anapenda kupika ndani au nje? Kitanda chenu ni futi tano kwa sita au sita kwa sita?

"Sita kwa sita," mke wangu akajibu haraka, kama vile tunacho. Tulikuwa na cha nne kwa sita.

Ramani ilipotoka ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nyumba ya mita 10 kwa 8.4, yaani mita za mraba 84, masta ya 3.6 kwa 3.6, madirisha mapana yanayotazama upepo unakotoka. Ikaja na orodha ya vifaa: matofali 2,300 ya inchi 6, saruji, nondo, mbao, bati, mpaka misumari. Nilipoona jumla nikamwambia punguza. Akasema ameshapunguza, akipunguza tena inabaki hema.

Nakala zilikuwa tatu. Mbili tukapeleka halmashauri kwa ajili ya kibali, ya tatu mke wangu akaitia kwenye mfuko wake wa plastiki. Fundi alipoiulizia, mke wangu akamtazama kama mtu aliyeomba kuazima pete ya ndoa. "Katoeni kopi," akasema, na akanipa ramani kwa sharti la kuirudisha kabla ya magharibi.

Karibu na shule kuna kibanda cha stesheneri. Nikamkabidhi yule binti zile karatasi pana. Akazipima kwa macho, akaitazama mashine yake, akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliota usiku:

"Nikupunguzie, mwalimu?"

Sasa mimi ni mtu wa aina gani? Mimi ni mtu ambaye kwa miezi mitatu nilikuwa namwambia kila mtu apunguze: mbunifu, muuza kiwanja, muuza mchanga, hata dereva wa bodaboda. Leo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu ananiuliza mwenyewe kama anipunguzie! Nikasema, "Punguza, binti yangu. Mungu akubariki."

Akabonyeza kitufe. Kwenye kioo cha mashine ikaandikwa asilimia 71. Niliiona kwa macho yangu haya. Nikajua ni kiasi cha wino kilichobaki. Karatasi zikatoka ndogo, nadhifu, za A4, zinaingia hata kwenye mfuko wa shati. Nikalipa shilingi mia mia kila ukurasa na kuondoka nikipiga mluzi.

Fundi wangu ni mtu wa heshima zake, amejenga nyumba nyingi pale mtaani. Alizipokea zile kopi, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu, akamwita kijana wake mwenye macho mazuri. Vipimo vilikuwa vimegeuka sisimizi. Mahali palipoandikwa 3600 palionekana kama nzi amepita. Kilichosomeka vizuri ni maandishi makubwa ya pembeni tu: SKELI 1:100, na mbele yake A3. Hiyo A3 tukakubaliana kwamba ni namba ya ukurasa.

"Mwalimu," fundi akasema, "wewe si msomi? Hiyo moja kwa mia maana yake nini?"

Hapo ndipo nilipopanda juu ya rundo la matofali. Nilitoa rula kwenye mfuko wa shati na kutoa somo la dakika kumi. Sentimita moja hapa ni mita moja pale, nikasema. Hakuna haja ya kuhangaika na sisimizi. Unapima kwa rula, unasoma sentimita, unatamka mita, kazi imekwisha. Saidia fundi wote walitikisa vichwa. Mmoja alisema angesoma kwangu asingefeli. Nikamwachia fundi ile rula kama zawadi, nikarudi kazini.

Wakaseti msingi. Jumamosi nilipofika na kuona kamba zimevutwa kwenye vigingi, moyo ukanidunda kidogo. "Mbona padogo?"

Fundi akacheka, vijana wakacheka, na mzee jirani aliyekuwa amekaa chini ya mwembe akacheka zaidi. "Msingi wote huonekana mdogo, mwalimu. Kuta zikipanda, nyumba inafunguka." Na ni kweli, kila aliyejenga atakwambia hivyo. Msingi wa ukumbi wa harusi ukiutazama utadhani ni wa banda la bata. Nikajilaumu kwa ushamba wangu, nikanunua soda kwa wote.

Kilichonifanya niache kabisa kuwaza ni vifaa. Havikuisha! Zege la msingi likamwagwa, saruji ikabaki. Jamvi la sakafu likamwagwa, kokoto zikabaki rundo zima. Kuta zikafika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na matofali yakiwa yamebaki karibu 700. Jamani, nani amewahi kujenga Dar es Salaam vifaa vikabaki? Nilianza kutembea kwa kunyoosha mgongo. Katika chumba cha walimu nikawa natoa mihadhara wakati wa chai: hawa wabunifu na wakadiriaji wanarundika tu idadi, siri ni usimamizi wa karibu. Mwalimu wa Hisabati aliandika maneno yangu kwenye daftari. Nikamuuzia jirani matofali 400, na hela yake nikaenda kuweka oda ya kochi la kona, la watu saba, rangi ya ugoro.

Kitu kimoja kilinitatiza kidogo, nacho ni madirisha. Fremu na nondo za madirisha tulichomelesha mapema kwa vipimo vya orodha, maana orodha ilikuwa ukurasa wa peke yake wenye herufi kubwa. Dirisha la sebule lilipowekwa lilichukua karibu ukuta wote. Kwa mbali nyumba ilionekana kama kibanda cha wakala wa kutuma pesa. Fundi akasema ndiyo mtindo wa kisasa, mwanga.

Kisha mke wangu akaja.

Hakuja mikono mitupu. Alikuwa amekwenda kwa fundi seremala kupima kitanda cha sita kwa sita kwa kamba ya katani, akafunga fundo kila pembe. Aliingia masta, akatandaza kamba sakafuni, akairekebisha, kisha akasimama katikati yake. Upande mmoja zilibaki sentimita kama sabini. Mlango, ukiufungua kwa ndani, ungeishia mtoni, namaanisha mto wa kulalia.

"Baba watoto," akaita kwa sauti ile ya chini, ambayo nyumbani kwetu ni mbaya kuliko ya juu. "Njoo uniambie, asubuhi mimi nashukia wapi?"

Nikamwambia vyumba vya tofali huonekana vidogo kabla ya plasta. Akanitazama. Akatoka, akaingia choo cha familia, akajifanya amekaa. Magoti yakagusa ukuta wa mbele, kiwiko kikagusa wa pembeni, na kwa mkono uliobaki akatoa simu akampigia mbunifu.

Mbunifu alifika kesho yake. Akavuta futi kamba kutoka ukuta hadi ukuta: mita mbili na nusu. Akapima tena. Akasema, "Naombeni ramani mnayotumia." Fundi akamletea ile A4, sasa imejaa saruji na mafuta ya chapati. Akaishika kwa vidole viwili. Akatoa simu, akapiga hesabu: 3.6 mara 0.71. Kisha akanionyesha kioo bila kusema neno. Mbili nukta tano tano sita.

"Mwalimu, hii ulitolea wapi?"

Nikamweleza juu ya yule binti, na jinsi alivyonipunguzia.

Akavuta pumzi. Akakuza picha ya ramani halisi kwenye simu yake na kunionyesha sentensi moja ya Kiingereza, chini kabisa, inayokataza mtu yeyote kupima mchoro huu kwa rula. Afuate tarakimu zilizoandikwa. Kwenye kopi yetu sentensi hiyo ilikuwa mstari mweusi tu, tulidhani ni urembo.

"Nani aliwaambia mtumie rula?"

Fundi, ambaye tangu mwanzo namheshimu, hakunitaja. Aliitazama tu mifuko ya shati langu.

"Samahani," mbunifu akauliza polepole, "hivi wewe unafundisha somo gani?"

"Jiografia."

"Kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Na usomaji wa ramani mnafundisha? Skeli? Kupunguza na kukuza ramani?"

"Tumemaliza wiki iliyopita," nikasema. Saidia fundi mmoja, yule aliyesema angesoma kwangu, alikwenda nyuma ya rundo la mchanga kukohoa.

Hesabu yake ilikuwa hivi. A3 ni A4 mbili zilizolala pamoja. Ukiibana A3 iingie kwenye A4, kila upande unabaki asilimia 71, lakini eneo linabaki nusu. Mita zangu 84 zilikuwa zimekuwa 42. Na kwa kuwa tofali la inchi 6 halijali mashine ya nani, unene wa kuta ulibaki uleule, ukala vyumba kwa ndani. "Hujajenga vibaya," akasema. "Kuta zimenyooka, timazi iko sawa. Umejenga nusu ya nyumba, kwa uangalifu mkubwa."

Mke wangu akauliza matofali yaliyobaki yako wapi. Nikaona hapo ni vizuri nikachote maji.

Lakini lazima nimsifu huyu dada. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na penseli yake, na kwa saa moja akaokoa karibu kila kitu. Ukuta kati ya masta na chumba cha watoto ubomolewe, pawe chumba kimoja cha maana. Sebule iungane na jiko, halafu vyumba viwili viongezwe nyuma, urefu wote urudi mita 10. Kibali kirekebishwe halmashauri. Gharama yake ya kuchora upya aliitaja, na kwa mara ya kwanza sikufungua mdomo. Jirani alikubali kunirudishia matofali yangu 400, kwa bei mpya. Kochi bado liko kwa fundi wake, na kila mwezi ananipigia kuuliza kama nimehama nchi.

Safari hii mbunifu alinitumia ramani kwenye simu na kunisihi niichape vizuri. Nami nikasema sitarudia kosa. Sikukanyaga stesheneri ya shuleni. Nilipanda daladala mpaka mjini, kwenye mashine kubwa za mabango, kijana akaniuliza saizi gani, nikamwambia kubwa kuliko zote ulizonayo, usinipunguzie hata kidogo. Akanipa A1, pana kama shuka la kitanda cha mtoto. Kila tarakimu inasomeka ukiwa kwa jirani.

Fundi aliitandika juu ya matofali, vijana wakaweka jiwe kila pembe isipeperuke. Aliitazama kwa furaha. Kisha, kwa mazoea, akatoa mfukoni rula yangu, akaiweka juu ya karatasi, akasogea hatua kwa hatua kutoka ncha moja hadi nyingine huku midomo ikihesabu. Akasimama. Akatazama bikoni ya mpaka ya kushoto, akatazama bikoni ya kulia, akajikuna kichwa.

"Mwalimu," akasema, "hii nyumba imemaliza kiwanja. Shimo la choo tunachimba kwa nani?"